Mwili Unavyojiandaa kwa Mbio Ndefu

Tuseme kwamba mama yako mdogo anauza viazi katika soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Jioni moja anarudi nyumbani na karatasi mkononi. Amejiandikisha kukimbia marathoni, yaani mbio za kilometa 42 na meta 195. Fedha atakazochangiwa na wenzake wa sokoni zitasaidia kulipia matibabu ya watoto wenye ugonjwa wa moyo. Tangu amalize shule hajawahi kukimbia, isipokuwa kulifukuza basi. Zimebaki wiki 24. Je, mwili wake utaweza?

Ukitaka kujua urefu wa safari hiyo, fikiri juu ya uwanja wa riadha wenye njia ya meta 400. Mkimbiaji wa marathoni angeuzunguka zaidi ya mara 105.

Mbio za kuchangia huduma si jambo geni katika nchi yetu. Mbeya kwenyewe zimefanyika kwa miaka kadhaa mbio ziitwazo Mbeya Tulia Marathon, ambazo huchangia afya na elimu. Dar es Salaam, mwaka 2020, Benki ya CRDB ilianzisha mbio ambazo fedha zake zilisaidia upasuaji wa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme watu 400 wanakimbia na kila mmoja anachangiwa shilingi 30,000. Zitapatikana shilingi 12,000,000. Mtu mmoja peke yake angezitoa wapi?

Moyo wa mkimbiaji na moyo wa mgonjwa

Kabla ya kwenda mbele, fanya jaribio hili. Kaa kimya kwa dakika tano. Weka vidole viwili vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mkono wa pili, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba kupimia, kwa kuwa chenyewe kina mapigo yanayoweza kukuchanganya. Mwenzako ashike saa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Andika jibu katika daftari lako. Sasa ruka papo hapo kwa dakika mbili, upime tena mara moja. Endelea kupima kila baada ya dakika moja mpaka mapigo yarudie hesabu ya kwanza.

Utaona kwamba mapigo yaliongezeka sana, kisha yakapungua kidogo kidogo. Sababu ni hii. Misuli inayofanya kazi inahitaji oksijeni na chakula, na vyote viwili huletwa na damu. Misuli ikifanya kazi zaidi, moyo hauna budi kusukuma damu nyingi zaidi. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma kiasi cha lita 5 za damu kwa dakika. Mtu aliyefanya mazoezi anapokimbia kwa nguvu, moyo wake waweza kusukuma lita 20 au zaidi. Lita 20 ni ndoo kubwa ya kuchotea maji. Hebu fikiri: ndoo nzima kwa dakika moja, na pampu yenyewe ni kubwa kama ngumi tu!

Moyo una pande mbili zilizotenganishwa na ukuta. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka mapafuni ikachukue oksijeni. Upande wa kushoto hupokea damu hiyo kutoka mapafuni na kuisukuma mwilini kote. Watoto wengine huzaliwa na tundu katika ukuta huo. Basi sehemu ya damu iliyokwisha kuchukua oksijeni hupenya tunduni na kurudi mapafuni bila kufika mwilini. Moyo hulazimika kufanya kazi ya ziada, na mapafu hupokea damu nyingi kupita kiasi. Mtoto wa namna hiyo, tundu likiwa kubwa, huhema na kuchoka hata anaponyonya. Akikua kidogo, wenzake wanapokimbia yeye huketi kando na kutazama. Si mvivu. Moyo wake unakimbia marathoni hali yeye ameketi. Matundu madogo mara nyingine huziba yenyewe. Makubwa huhitaji kuzibwa na daktari.

Moyo wa mama yako mdogo hauna tundu, lakini haujazoea. Moyo ni msuli, nao hupata nguvu kwa kazi kama misuli mingine. Baada ya miezi ya mazoezi, kila pigo litasukuma damu nyingi kuliko zamani, kwa hiyo atakapopumzika moyo utapiga mara chache zaidi. Hapa ndipo wewe unapoweza kumsaidia. Mpime mapigo kila Jumapili asubuhi kabla hajatoka kitandani, na uandike tarehe na hesabu. Ukiona kwamba siku fulani yamezidi sana kuliko wiki zilizopita, mwambie. Huenda hajapumzika vya kutosha, au ana homa. Mwenye homa hapaswi kukimbia hata kidogo. Jambo jingine muhimu: mtu mzima anayeanza mazoezi makali, hasa mwenye maumivu ya kifua au shinikizo la damu, aende kwanza hospitali akapimwe.

Hewa ya Mbeya

Jiji la Mbeya liko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Wengi hudhani kwamba hewa ya milimani ina sehemu ndogo ya oksijeni. Sivyo. Mbeya kama Tanga, oksijeni ni kiasi cha sehemu moja ya tano ya hewa. Tofauti ni kwamba kadiri unavyopanda juu, hewa huwa nyepesi zaidi. Pumzi moja ya Mwanjelwa ina oksijeni kiasi cha sehemu nne tu kati ya tano za ile ipatikanayo katika pumzi moja ya pwani. Ndiyo maana mgeni aliyetoka pwani, au hata Kyela kwenye ukingo wa Ziwa Nyasa, huhema upesi anapopanda mtaa wenye mwinuko huku mwenyeji akiendelea na mazungumzo yake.

Mwenyeji ana siri gani? Mwili unapokaa mahali palipoinuka kwa majuma mengi, hutengeneza chembe nyekundu za damu zilizo nyingi zaidi. Chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni. Kwa hiyo mama yako mdogo ana faida ambayo hakuigharamia. Lakini chembe nyekundu haziwezi kutengenezwa bila madini ya chuma. Maharage, mboga za majani, dagaa na nyama huyaleta mwilini. Chai, ijapokuwa ni zao la jirani zetu wa Rungwe, huzuia sehemu ya madini hayo yasifyonzwe. Afadhali ainywe saa moja au mbili baada ya chakula kuliko pamoja nacho.

Mazoezi kidogo kidogo

Kosa kubwa la wanaoanza ni pupa. Mwandishi wa sura hii alifundisha sekondari kwa miaka kadhaa, na kila msimu wa michezo aliwaona wanafunzi waliokimbia sana siku ya kwanza wakichechemea siku ya tatu. Moyo na mapafu huzoea kazi upesi. Mifupa na kano huchukua muda mrefu zaidi. Mkimbiaji hudhani ameiva kwa kuwa hahemi, kumbe miguu yake bado.

Kwa hiyo aanze kwa kuchanganya: atembee dakika nne, akimbie polepole dakika moja, arudie mpaka nusu saa iishe. Siku tatu kwa wiki zinatosha. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi. Akishazoea kukimbia mfululizo, aongeze umbali wa kila wiki kwa sehemu moja ya kumi hivi, isizidi. Siku moja kwa wiki iwe ya mbio ndefu kuliko nyingine. Mbio iliyo ndefu kupita zote, ya kilometa 30 hivi, aimalize majuma matatu kabla ya siku yenyewe, kisha apunguze. Akiona wiki 24 hazitoshi, achague kilometa 21 au 10. Mtoto mgonjwa hatajali mchangiaji wake alikimbia umbali gani.

Asikimbie kando ya barabara kuu iendayo Zambia kabla ya mapambazuko. Malori ni mengi na dereva hawezi kumwona mtu mwenye nguo nyeusi. Achague uwanja au njia za mitaani. Palipo na magari, akimbie upande wa kulia ili ayaone yanayomjia.

Chakula na maji

Misuli huweka akiba ya sukari itokanayo na vyakula vya kutia nguvu: ugali, viazi, ndizi, wali. Akiba hiyo si kubwa. Wakimbiaji wengi huishiwa karibu na kilometa ya 30. Hapo mwili hutegemea zaidi mafuta, ambayo hutoa nguvu polepole, na miguu huwa mizito kama iliyofungiwa mawe. Hii ndiyo sababu mama yako mdogo ale viazi na ndizi kwa wingi siku mbili za mwisho, na njiani apate ndizi mbivu au kinywaji chenye sukari.

Baridi ya Mbeya nayo hudanganya. Jasho hukauka upesi, mtu akadhani hatoki jasho. Mwambie ajipime kwenye mizani kabla na baada ya kukimbia saa moja. Kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji. Anywe anapohisi kiu. Asinywe maji mengi kupita kiasi, kwani chumvi ya damu ikizimuliwa mno mtu huweza kuzimia, na wako waliokufa kwa sababu hiyo.

Siku yenyewe

Mwaka 1968, John Stephen Akhwari wa Tanzania alikimbia marathoni ya Olimpiki katika jiji la Mexico, lililo zaidi ya meta 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka na kuumia goti. Aliendelea. Walianza watu 75 wakamaliza 57, na yeye alikuwa wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Miaka 57 baadaye, Septemba 2025, Alphonce Simbu aliishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Aliyemfuata alikuwa nyuma kwa sehemu tatu tu za mia za sekunde moja.

Mama yako mdogo si Simbu. Huenda akatumia saa tano au sita. Wewe hutakimbia pamoja naye, kwa sababu ncha za mifupa yako bado zinakua na marathoni huweza kuziumiza. Simama njiani, karibu na kilometa ya 30, ukiwa na ndizi iliyomenywa.

Zoezi

1. Pima mapigo ya moyo ya watu watatu wa nyumbani kwenu waliopumzika: mtoto, kijana na mzee. Ni nani mwenye mapigo mengi zaidi?

2. Mtoto mwenye tundu kubwa katika ukuta wa moyo huchoka upesi ijapokuwa mapafu yake huvuta hewa. Eleza sababu.

3. Mkimbiaji alikuwa na kilo 61 kabla ya mazoezi na kilo 60 baadaye, naye hakunywa kitu. Alipoteza maji kiasi gani? Kwa nini hakuona jasho?

4. Wiki hii mama mdogo amekimbia jumla ya kilometa 20. Wiki ijayo asizidi kilometa ngapi?