Tanzania: Jamii, Uchumi na Utawala katika Nchi Inayotumia Kiswahili

Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilizaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Tanganyika ilipoungana na Zanzibar miezi mitatu baada ya mapinduzi ya visiwani. Makala haya yanaeleza jamii, uchumi na utawala wa nchi hiyo, na jinsi mambo hayo matatu yanavyokutana katika suala la lugha.

1. Jamii

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na kati yao wasiofika milioni mbili wanaishi Zanzibar. Makabila yanazidi 120, wala hakuna hata moja lenye wingi wa kuyatawala mengine. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilikubalika kwa urahisi kuwa lugha ya taifa, kwani hakuna aliyekiona kuwa ni lugha ya mshindani wake. Kongo nayo inakihesabu miongoni mwa lugha zake nne za taifa, lakini shughuli rasmi huendeshwa kwa Kifaransa.

2. Uchumi

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitia mabenki na viwanda vikubwa mikononi mwa umma. Kisha, kuanzia 1973, mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, mara nyingi kwa nguvu. Mavuno hayakulingana na matumaini. Bei ya mafuta ilipanda, na vita dhidi ya Idi Amin (1978-1979) vikaimaliza hazina. Mwaka 1986 serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Baadaye mashirika mengi ya umma yakauzwa. Leo dhahabu na utalii huleta fedha nyingi za kigeni, na bandari ya Dar es Salaam hupitisha hata shaba ya Katanga. Hata hivyo, wananchi wengi wangali wakitegemea jembe na mvua.

3. Utawala

Nchi ina serikali mbili: ile ya Muungano, inayosimamia pia mambo ya Bara, na ile ya Zanzibar, yenye Rais wake na Baraza la Wawakilishi. Mfumo wa vyama vingi ulirudishwa mwaka 1992, lakini Chama cha Mapinduzi, kilichoundwa 1977, hakijaondoka madarakani. Bunge hujadiliana kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama.

4. Suala la lugha

Hata hivyo, shule za sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa mkulima aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili hulazimika kujifunza hesabu na sayansi kwa lugha ambayo hajaimudu, ilhali mtoto wa mwenye fedha ameizoea tangu utotoni katika shule ya binafsi. Basi lugha iliyowaunganisha wananchi bungeni na sokoni haijawapa wote nafasi sawa ya elimu. Anayeisifu Tanzania kuwa kielelezo cha Kiswahili hana budi kulitazama na jambo hilo.