Vigango vya Wagiriama: Kwa nini havihamishwi hata boma likihama

Ukipita vijiji vya ndani katika kaunti ya Kilifi, unaweza kukuta mbao ndefu zimesimama penye boma, zimechongwa kichwa na mwili na kufungwa vitambaa. Usidhani ni pambo. Wala si mungu wa kuabudiwa, kwa sababu Wagiriama wana Mulungu wao aliye juu ya vyote. Hicho ni kigango, na kwa Mgiriama anayefuata mila, yule mzee aliyefariki yupo pale.

Nani huwekewa kigango?

Si kila marehemu. Kigango ni cha mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wanaume wenye mali na heshima. Kuingia huko si bure: lazima mtu atoe karamu ya nguvu kwa wenzake. Wengine hukumbukwa kwa kigingi kidogo tu cha mti.

Tena, kigango hakisimamishwi siku ya mazishi. Miaka inaweza kupita. Halafu marehemu anaanza kuja ndotoni, au boma linaandamwa na maradhi na mikosi. Familia inakwenda kwa mganga, naye anasema koma, yaani roho ya mzee wenu, inataka makao. Hapo fundi anatafutwa achonge mti mgumu. Kikishasimamishwa, mnyama huchinjwa na mnazi humwagwa chini ili mzee naye apate chake.

Mbona hakihamishwi?

Zamani Wagiriama walihama udongo ulipochoka. Watu, mbuzi na vyungu viliondoka, kigango kikabaki palepale. Kwenye boma jipya walisimamisha kipande kingine kidogo, ili koma wajue watu wao wameenda wapi. Kile cha kwanza kiliachwa kisimame mpaka kioze chenyewe. Kuking'oa ni kumvunjia mzee nyumba, na wenye kuamini husema ghadhabu yake huwarudia walio hai.

Wezi walipata mwanya hapo

Kigango kilichoachwa kwenye boma la zamani hakina mlinzi. Watalii na wafanyabiashara wa sanaa walipoanza kuvitaka, vilianza kung'olewa usiku na kuuzwa. Vingi viliishia Marekani.

Kisa kinachojulikana sana ni cha vigango viwili vilivyoibwa kwenye boma moja la Kilifi mwaka 1985. Muda mfupi kabla ya wizi huo, mtafiti Monica Udvardy alikuwa amempiga picha mwenye boma akiwa navyo. Miaka mingi baadaye vikaonekana Marekani, kimoja Illinois State University na kingine kwenye jumba la makumbusho la Hampton University. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Vilirudishwa mwaka 2006 na 2007, lakini mzee mwenyewe alikuwa ameshafariki.

Kurudi Kenya si kurudi nyumbani

Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver liliamua kurudisha vigango 30, na vikafika Kenya mwaka 2019. Ni habari njema, ila swali likabaki: vya nani? Aliyeiba hakuandika jina la boma, na aliyenunua hakuuliza. Kwa hiyo kigango kinaweza kuvuka bahari kikarudi, kisha kikae kwenye stoo ya makavazi huku familia yake iko kijijini na haijui.

Unaweza kufanya nini?

Kama kwenu kuna kigango, waombe wazee ruhusa ukipige picha kwa simu hiyo uliyoshika. Andika jina la mzee, la boma na la kijiji. Picha hiyo iwekwe na familia. Usiirushe mitandaoni ukitaja mahali, maana wezi nao wana simu.

Na ukiona kinauzwa, jua kwamba kwa sheria ya Kenya vitu vya turathi kama hivi havitolewi nchini bila kibali. Ripoti kwa chifu, polisi au Makavazi ya Kitaifa. Mahali fulani Kilifi kuna familia inayokitafuta.