Ankara yako inaongea lugha gani?

Unauza sabuni ya maji pale Donholm. Mteja anakwambia, "Boss, nitumie risiti ya ule mzigo wa jana." Mnaelewana. Kompyuta yake, hata kidogo! Wewe umeandika "mtungi wa sabuni", yeye "ya kuoshea vyombo". Mashine inaona bidhaa mbili.

Ndiyo maana eTIMS, mfumo wa ankara wa KRA, una lugha yake rasmi. Kila bidhaa hupewa nambari ya aina yake. Ushuru huandikwa kwa herufi: B ni VAT ya asilimia 16. PIN ni herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi nyingine. Hivyo programu ya duka huzungumza na ya KRA bila mtu katikati.

Usidharau. Tangu Januari 1, 2024, kwa kawaida kampuni isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kuondoa gharama hiyo inapokokotoa kodi ya mapato. Itatafuta muuzaji mwingine, hata bei yako ikiwa poa.

Hujasajiliwa kwa VAT? Piga *222#. Ila kagua PIN ya mteja mara mbili: ukikosea herufi, binadamu atakuelewa, mashine haitajaribu.