Je, Wajua? Kabla Hujanunua Haibridi ya Mkononi

Je, wajua kwamba haibridi, gari la petroli na umeme kwa pamoja, ni wazo lenye zaidi ya miaka 120? Mwaka 1900 Ferdinand Porsche aliunda gari lililoitwa Semper Vivus, Kilatini cha "hai daima". Injini zake za petroli zilizalisha umeme, na umeme ukazungusha mota zilizokaa ndani ya magurudumu. Kisha wazo likalala miongo mingi, hadi Desemba 1997 Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani. Aqua tunayopishana nayo kila siku Dar es Salaam na Nairobi ilifuata Desemba 2011.

Je, wajua kwa nini Wajapani huyaacha magari yakiwa bado mazima? Kwao gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Wengi huona afadhali kuuza, na gari linapanda meli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikatazi, ila umri wa gari unalipiwa ushuru wa ziada. Ndiyo maana haibridi ya zamani kwa kawaida utainunua kwa mtu, mkononi, ikiwa imeshakula vumbi letu miaka kadhaa.

Si sisi tu tunaoyapokea: Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, umejaa Prius zilizotumika Japani. Halijoto ya huko wakati wa baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, na bado zinawaka asubuhi.

Je, wajua kwamba haibridi hula mafuta kidogo mjini kuliko safarini? Vipimo rasmi vya Marekani kwa Aqua ya 2012, ambayo kule iliitwa Prius c, vilitoa kilomita 22.5 kwa lita mjini na kama 19.5 kwenye barabara kuu. Magari ya kawaida ni kinyume chake. Kila ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, na kwenye foleni injini inazima kabisa. Kwa hiyo anayekwenda Posta kila siku kutoka Mbagala atafaidi kuliko anayekwenda Dodoma kila wiki. Hesabu ni nyepesi: ukitembea kilomita 1,500 kwa mwezi na gari la kilomita 11 kwa lita, unachoma lita 136. La kilomita 20 kwa lita litachoma 75. Zidisha hizo lita 61 za tofauti kwa bei ya petroli ambayo mamlaka ya nishati, EWURA, hutangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, au EPRA kila tarehe 14 kwa walioko Kenya, halafu linganisha na bei ya betri kabla hujalipa.

Na huo uchumi wa mafuta hauzeeki haraka kama watu wanavyodhani. Mwaka 2011 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea zaidi ya kilomita 320,000 na betri yake ya kiwandani. Ilipata kilomita 17.2 kwa lita. Prius kama hiyo ilipopimwa ikiwa mpya, miaka 10 kabla, ilipata 17.3.

Siri yake? Kompyuta ya gari haiachi betri ijae kabisa wala iishe. Huichezesha kati ya asilimia 40 na 80 hivi, na ndipo betri za aina hii hudumu.

Je, wajua betri hiyo hupumua? Nilikuwa gereji moja Ilala fundi alipoinua kiti cha nyuma cha Aqua ambayo mwenyewe alishaambiwa kwingine kwamba betri imekufa. Jirani na kiti hicho kuna kidirisha chenye matundu kama kichujio cha chai. Wengi wetu hukifunika kwa mkoba, kwa kava la kiti au kwa mfuko wa sokoni, nacho ndicho betri inachovutia hewa ya kujipoza. Fundi akachomoa feni. Mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi la kijivu lililogandana na nyuzi za zulia, na kati yake ganda la karanga. Alilisugua lile vumbi kwa brashi ya rangi, akapuliza kwa hewa, akarudisha kila kitu mahali pake. Taa ya onyo ikafutwa na haikurudi, gari likaondoka. Iliniuma kufikiri ni wangapi wameuziwa betri nzima kwa kosa la feni chafu. Ukienda kuangalia gari, anza na kidirisha hicho. Kinakueleza mwenye gari alikuwa mtu wa namna gani.

Betri yenyewe si kitu kimoja. Aqua ina vipande 20 vya volti 7.2 kila kimoja, Prius ya 2009 ina 28, vyote vimefungwa kwa mfululizo, kwa hiyo kimoja kikichoka huvuta wenzake chini. Fundi anaweza kukubadilishia hicho kimoja kwa bei nafuu. Lakini vilivyobaki ni rika lake, vimepigwa joto lilelile. Muuzaji akikuambia "tulibadilisha seli moja tu", punguza bei kana kwamba unanunua betri nzima.

Gari lililolala uani miezi mingi bila kuwashwa, betri ikijiishia yenyewe, ni la kuogopa kuliko lililotembea sana.

Je, wajua Aqua haina stata wala alteneta ya kawaida, haina fenibelti, na gia boksi yake haina klachi? Mota za umeme zinafanya kazi zote hizo. Vitu vinavyotuchosha gerejini vimepungua sana, na breki pedi hudumu muda mrefu. Usiguse tu nyaya za rangi ya chungwa, zina umeme mkali.

Kompresa ya AC nayo ni ya umeme, na inataka oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Fundi wa kujaza gesi barabarani akitia oili ya magari mengine anaweza kuiharibu. Muulize kwanza anatia oili gani. Akisita, ondoka.

Je, wajua kwamba kwenye N haibridi ya Toyota haichaji betri kubwa? Madereva wetu wamezoea kutoa gia kwenye foleni ili "kupumzisha gari", AC ikivuma. Betri inashuka polepole bila kurudishiwa kitu. Baki kwenye D, kanyaga breki.

Prius ya kizazi cha tatu, iliyotoka 2009, ni nzuri lakini ina magonjwa yake. Februari 2014 Toyota iliita magari milioni 1.9 ya aina hiyo duniani kurekebishwa programu ya mfumo wa umeme, kwa kuwa vifaa vyake vingeweza kupata joto kupita kiasi. Mafundi wanajua pia kwamba njia ya kurudishia moshi kwenye injini huziba masizi, na silinda hedi gasketi huja kuungua. Dalili yake ya kwanza hutokea asubuhi tu: injini ikiwa baridi inawaka kwa kutetemeka na kugonga sekunde chache, kisha inatulia kama hakuna kilichotokea. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kwisha. Ikiwa ya moto, omba kurudi kesho alfajiri.