Kipande cha Bawa Kilichofika Pemba

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Leo mjomba wenu hasemi sana. Nimempisha msemaji mwingine. Si mtu, si sungura, si fisi. Ni kipande cha bawa la ndege, na mwezi wa Juni 2016 kilikutwa kisiwani Pemba.

Haya, kipande, sema.

"Hamjambo, watoto? Mimi nilikaa nyuma ya bawa la kulia la ndege kubwa, Boeing 777 ya shirika la ndege la Malaysia. Marubani wanapotaka kutua, huniteremsha ili ndege iende polepole bila kuanguka. Wakimaliza, hunikunja. Kunjua, kunja. Kunjua, kunja. Ndiyo maisha yangu yalivyokuwa.

"Usiku wa tarehe 8 Machi 2014 tuliondoka Kuala Lumpur kwenda Beijing. Tulikuwa na watu 239. Saa saba na dakika 19 za usiku sauti kutoka kwetu iliwaaga waongoza ndege. Dakika mbili hivi baadaye tukatoweka kwenye rada zao."

"Mjomba, ndege kubwa namna ile inapoteaje?"

Swali zuri! Aliyeuliza nitamnunulia kashata. Ndege hiyo ilikuwa na chombo cha kujitambulisha kwa rada. Chombo kile kilinyamaza. Rada za jeshi zikaendelea kuona kitu kikigeuka, kikarudi kukata nchi ya Malaysia, kikapita karibu na kisiwa cha Penang, kikaelekea magharibi. Saa nane na dakika 22 jeshi nalo likakipoteza.

Na hapo ndipo midomo ya watu ilipofunguka.

Mmoja akasema ndege imetekwa ikafichwa Kazakhstan. Mwingine akasema hapana, imeshushwa Diego Garcia, kisiwa chenye kambi ya jeshi la Marekani. Mwingine akasema imemezwa na shimo jeusi la angani. Ndiyo, hilo nalo lilijadiliwa kwenye televisheni, tena na watu wazima waliovaa tai! Kwenye uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur akaja mganga na nazi zake akaitafuta kwa uganga. Mamilioni ya watu wakakaa mbele ya kompyuta, wanakagua picha za bahari zilizopigwa kutoka angani. Kila povu jeupe wakaliona bawa.

"Mjomba, kwa nini watu walibuni mengi hivyo?"

Kwa sababu kutojua kunauma, mwanangu. Ndugu wa abiria walikuwa wakingoja. Dunia nzima ilikuwa ikiuliza. Mtu asipopewa jibu hujitengenezea lake. Kudhani si kosa. Hata wataalamu walianza kwa kudhani. Kosa ni kumtwika mtu dhana yako. Abiria wawili walipogunduliwa kuwa na pasipoti za wizi, watu wakapiga kelele: magaidi hao! Polisi wakachunguza, hawakuona dalili ya ugaidi. Mmoja wao alikuwa kijana mdogo, anamfuata mama yake Ujerumani. Fikiria mama yule alisikia mangapi.

"Sasa wataalamu walidhani nini?"

Kaa vizuri, hapa ndipo patamu. Ndege ilikuwa imenyamaza, lakini haikuwa imenyamaza kabisa. Huko juu kuna setilaiti. Kwa kawaida huitumia ndege ishara fupi, nayo ndege hujibu. Ni kama mama anavyoita kutoka uani magharibi imeingia: "Upoo?" Nawe unaitika: "Nipoo!" Hakuoni. Lakini jibu likichelewa, anajua uko mbali. Asilolijua ni kama uko upande wa mwembe au upande wa kisima.

Ndege iliitika hivyo saa baada ya saa. Upo? Nipo. Upo? Nipo. Mara ya mwisho kusikika ilikuwa saa mbili na dakika 19 asubuhi. Wahandisi wa kampuni ya setilaiti ya Inmarsat, ya Uingereza, wakapima uchelewaji wa majibu. Wakapata mstari uliopinda, mrefu mno: upande mmoja unakwenda kaskazini hadi Asia ya Kati, upande wa pili unashuka kusini mwa Bahari ya Hindi. Wakapima tena jinsi mawimbi ya majibu yalivyobadilika kidogo kwa mwendo wa ndege. Hesabu ikasema: kusini.

"Lakini Mjomba, hesabu si inaweza kukosea?"

Mashallah, una akili wewe! Inaweza. Ndiyo maana tunamhitaji rafiki yetu. Endelea, kipande.

"Nilielea zaidi ya miaka miwili. Mwenzangu, aliyekaa jirani yangu kwenye bawa lilelile, alitangulia kufika kisiwa cha Réunion Julai 2015. Mimi mkondo ukanipeleka magharibi, kisha ukanipandisha na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pemba. Wavuvi wa huko hawashangai; wanajua msimu wa kusi bahari hubeba nini.

"Nikapelekwa Australia. Ndani yangu wachunguzi wakakuta mhuri wa tarehe 23 Januari 2002, na namba za kiwanda kimoja cha Italia. Kiwanda kikafungua madaftari yake. Namba zikaoana. Mimi ni wa ndege ile, si nyingine.

"Sasa niulizeni. Kama tulitua Kazakhstan, mimi nilifikaje Pemba? Bahari ya Hindi haifiki huko! Na Diego Garcia? Kisiwa kile kiko karibu na chini ya setilaiti yenyewe, na jibu letu la mwisho lilitoka mbali sana na hapo. Kuna jambo jingine. Wapo waliosema mtu aliishusha ndege majini taratibu kama anavyotua. Wachunguzi wakatazama majeraha yangu na ya mwenzangu, wakayalinganisha. Wakaona kuwa huenda zaidi nilikuwa nimekunjwa, sikuteremshwa."

Mmeona, wanangu? Kipande kimoja kimezima maneno ya watu elfu. Halafu tazameni adabu yake: kimesema "huenda zaidi." Hakikusema "hakika." Nami nakiamini zaidi kwa neno hilo kuliko wale wenye tai.

"Basi nani aliigeuza ndege?"

Hapo hata kipande kinanyamaza. Wengi walimnyooshea kidole rubani. Ripoti ya Malaysia ya Julai 2018 ilisema huenda ndege iligeuzwa kwa mikono ya mtu, lakini haikuweza kusema ni nani, wala kukataa kwamba alikuwamo mtu mwingine. Mjomba wenu naye hatamtaja mtu.

Chini ya bahari watafutaji walikagua kilomita za mraba 120,000 hadi Januari 2017. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ikakagua eneo jingine karibu kubwa hivyohivyo. Walikuta milima ya volkano na hata mabaki ya meli za karne ya 19. Ndege hawakuikuta.

Kwa hiyo nyinyi mnaokaa pwani, mkiokota ufukweni kitu chepesi chenye tabaka za ndani kama sega la nyuki, msikifanye mlango wa banda la kuku. Kipelekeni kwa sheha au kituo cha polisi, mwaeleze mlikikuta wapi na siku gani.