Meli kubwa au ndogo ya kitalii: Urefu pekee hauamui starehe ya abiria

Kila msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Machi, bandari za Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa hupokea meli za kitalii kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Taarifa za ujio wa meli hizo hutaja kwa kawaida mambo mawili: urefu wa meli na idadi ya abiria waliomo. Takwimu hizo ni muhimu, lakini hazitoshi kumweleza mwananchi jinsi abiria wanavyoishi ndani ya meli, namna watakavyoshuka, wala muda watakaoutumia nchi kavu.

Ufahamu wa mambo hayo una manufaa kwa watu wengi. Familia iliyojiwekea akiba kwa ajili ya safari moja ya baharini haina nafasi ya kukosea katika kuchagua meli. Kijana anayeomba ajira ya ubaharia anahitaji kujua mazingira atakayofanyia kazi. Mwongoza watalii, mwenye boti na mfanyabiashara wa viungo au vinyago nao hujiandaa kwa namna tofauti kulingana na aina ya meli inayotarajiwa.

Ili kuonesha tofauti hizo, meli mbili zinaweza kuchukuliwa kama mfano. Ya kwanza ni Icon of the Seas, iliyoundwa nchini Finland na kuanza safari zake Januari 2024. Meli hiyo ina urefu wa takriban mita 365, sitaha 20, na uwezo wa kuchukua abiria 5,610 wanapolala wawili katika kila chumba. Ya pili ni Le Bougainville ya kampuni ya Ponant ya Ufaransa, iliyoanza kazi mwaka 2019. Hiyo ina urefu wa mita 131, vyumba 92 na abiria 184 tu. Zote mbili huitwa meli za kitalii, lakini maisha ya abiria ndani yake hayafanani.

Tani za ujazo na nafasi ya kila abiria

Kipimo kinachotumika zaidi kueleza ukubwa wa meli ya abiria ni tani za ujazo. Licha ya jina lake, kipimo hiki hakihusu uzito. Hukokotolewa kutokana na ujazo wa nafasi zote zilizofungwa ndani ya meli, kwa kanuni zilizowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1969 kuhusu upimaji wa meli.

Tani hizo zikigawanywa kwa idadi ya abiria, hupatikana makadirio ya nafasi inayomfikia kila mmoja. Icon of the Seas ina tani 248,663, hivyo kila abiria anapata wastani wa tani 44. Le Bougainville ina takriban tani 10,000, na mgawo wa kila abiria ni kama 54. Seabourn Venture, meli nyingine ndogo iliyoanza kazi mwaka 2022, ina zaidi ya tani 23,000 kwa abiria 264, sawa na zaidi ya tani 85 kwa kila mtu. Kwa upande mwingine, Norwegian Dawn, yenye zaidi ya tani 92,000 na abiria wapatao 2,300, ina wastani wa tani 40 hivi.

Hesabu hizo zinaonesha kwamba meli kubwa kuliko zote si lazima iwe na nafasi zaidi kwa kila abiria. Aidha, idadi inayotangazwa huhesabu watu wawili kwa kila chumba. Wakati wa likizo za shule, vitanda vya ziada hutumiwa na watoto, na Icon of the Seas inaweza kufikisha abiria 7,600. Hapo mgawo hushuka hadi tani 33 hivi. Meli ni ileile, lakini foleni za chakula, lifti na mabwawa ya kuogelea hurefuka.

Hata hivyo, kipimo hiki ni mwongozo tu. Ndani ya tani hizo zimo pia chumba cha mitambo, majiko, ghala na makazi ya mabaharia, sehemu ambazo abiria hafiki.

Mpangilio wa vyumba na sitaha

Upana wa meli ndio unaoamua kwa kiasi kikubwa mpangilio wa vyumba vya kulala. Katika meli pana, si vyumba vyote vinavyoweza kugusa ubavu wa meli. Vile vya katikati hubaki bila dirisha, na ndiyo sababu huuzwa kwa bei nafuu. Abiria aliyechukua chumba cha aina hiyo hulala bila kuona mwanga wa jua wala bahari. Wapo wanaopendezwa na giza na utulivu wake, na wapo wanaoshindwa kukizoea.

Waundaji wa meli walitafuta ufumbuzi wa hali hiyo. Mwaka 2009, meli ya Oasis of the Seas ilizinduliwa ikiwa na sehemu ya juu iliyogawanywa mara mbili kwa urefu, na katikati yake kukawekwa bustani ya mimea hai iliyo wazi kwa anga. Vyumba vilivyokuwa havina dirisha vikapata roshani zinazotazama bustani. Mpangilio huo umeendelezwa katika meli zilizofuata, ambapo sitaha hugawanywa katika maeneo yenye shughuli tofauti, mfano wa mitaa ya mji: eneo la watoto, la michezo, la maduka na la mapumziko.

Le Bougainville yenye upana wa mita 18 haihitaji ufumbuzi huo. Vyumba vyake vimepangwa pande mbili za meli, ukumbi ukiwa katikati, na kila chumba kina roshani inayotazama bahari. Chini ya usawa wa maji kuna sebule yenye madirisha ambamo abiria hutazama bahari kwa ndani. Lakini abiria wa meli hiyo hatapata mabwawa saba ya kuogelea, uwanja wa kuteleza juu ya barafu wala kumbi nyingi za chakula zilizomo katika Icon of the Seas. Ikiwa hali ya hewa itamzuia kushuka kwa siku mbili, burudani zake ni chache.

Umbali wa kutembea nao ni suala la kuzingatia. Mita 365 ni zaidi ya urefu wa viwanja vitatu vya mpira wa miguu. Mzee aliyepewa chumba kilichoko upande wa omo, huku ukumbi wa chakula ukiwa tezi, atalazimika kwenda na kurudi umbali huo mara kadhaa kwa siku. Katika meli ndogo umbali huo ni mfupi.

Pamoja na hayo, meli kubwa ina faida ambayo mara nyingi husahaulika. Huwa na lifti nyingi na vyumba vingi zaidi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watumiaji wa viti mwendo, na inapofunga gatini abiria hushuka kwa ngazi yenye mteremko. Meli ndogo za safari za visiwani hushusha watu kwa boti za mpira, ambazo humtaka abiria apige hatua kutoka kwenye jukwaa linalopanda na kushuka na mawimbi. Kwa mtu mwenye ulemavu wa viungo, meli kubwa inaweza kuwa ndiyo yenye staha na usalama zaidi.

Meli inapokwenda mrama

Hofu kubwa ya abiria wengi ni kichefuchefu na kizunguzungu. Hapa ukubwa una nafasi yake. Meli ndefu hulalia mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja, hivyo haiinuki na kushuka kwa kila wimbi. Meli fupi hufuata wimbi moja baada ya jingine. Kwa upande mwingine, meli kubwa za sasa ni ndefu kwenda juu, na ubavu wake hupokea upepo kama ukuta.

Meli nyingi za kitalii, kubwa kwa ndogo, zimewekewa mapezi yanayochomoza chini ya maji pande zote mbili ili kupunguza mrama. Mapezi hayo hufanya kazi vizuri zaidi meli inapokuwa katika mwendo. Meli iliyotia nanga kwenye maji ya wazi inaweza kuyumba zaidi ya ile iliyo safarini.

Mahali chumba kilipo kuna uzito sawa na ukubwa wa meli. Omo na tezi hupanda na kushuka zaidi kuliko katikati, na sitaha za juu huyumba kwa upana zaidi kuliko za chini. Abiria anayejijua kuwa mwepesi wa kuchafukwa moyo anashauriwa kuchagua chumba cha katikati katika sitaha za chini. Majira nayo yazingatiwe. Katika pwani ya Afrika Mashariki, upepo wa kusi huwa na nguvu zaidi ya kaskazi, na hiyo ni miongoni mwa sababu zinazofanya msimu wa meli za kitalii uangukie miezi ya kaskazi.

Bandari na namna ya kushuka

Icon of the Seas huhitaji maji yenye kina cha zaidi ya mita 9, ilhali Le Bougainville huhitaji chini ya mita 5. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ni wapi abiria wataweza kufika. Meli kubwa hulazimika kutumia bandari zenye gati refu na kina cha kutosha, au kutia nanga mbali na kuwashusha abiria kwa boti. Ikiwa abiria 2,000 watashushwa kwa boti zinazochukua watu 100, zitahitajika safari 20 za kwenda na 20 za kurudi. Anayeshuka mwisho hubakiwa na saa chache za matembezi.

Meli ndogo huweza kusogea maeneo yasiyo na gati. Meli za safari za aina hiyo zimekwishatia nanga karibu na Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake pamoja na ya Songo Mnara yamo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 1981. Katika maeneo kama hayo, kundi la watu wasiozidi 200 linaweza kupokewa bila kulemea mazingira wala huduma zilizopo.

Baadhi ya nchi zimeweka mipaka kwa sababu hiyo. Mwaka 2021, Italia ilizuia meli zenye tani za ujazo zaidi ya 25,000 kupita katika mfereji mkuu wa Giudecca mjini Venice. Katika bara la Antaktika, meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kuwashusha, na kwa meli ndogo zaidi, wanaokanyaga nchi kavu mahali pamoja hawapaswi kuzidi 100 kwa wakati mmoja.

Kwa wanaotoa huduma bandarini, maana yake ni kwamba meli kubwa huleta wageni wengi kwa saa chache, hivyo usafiri, waongozaji na ratiba vinapaswa kuwa tayari kabla ya ngazi kuteremshwa. Meli ndogo huleta wageni wachache, lakini huwafikisha katika visiwa na miji ambayo meli kubwa haiwezi kuikaribia.

Usalama na afya

Usalama wa meli za abiria husimamiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, uliotungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914 kufuatia kuzama kwa Titanic. Baada ya ajali ya Costa Concordia nchini Italia Januari 13, 2012, iliyoua watu 32, kanuni ziliimarishwa. Tangu Januari 1, 2015, abiria wa safari inayozidi saa 24 wanatakiwa kupewa zoezi la kukusanyika kwa dharura kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Zoezi hilo si hiari, na linahusu meli kubwa na ndogo. Tofauti ni kwamba katika meli kubwa abiria anahitaji umakini zaidi kukumbuka kituo chake, kwa kuwa vituo ni vingi na njia ni ndefu.

Kwa upande wa afya, msongamano ndio hatari kuu. Mwaka 2020, katika meli ya Diamond Princess iliyokuwa na watu 3,711, zaidi ya 700 waliambukizwa UVIKO-19. Meli ndogo haina kinga dhidi ya maradhi, lakini idadi ya wanaokutana humo ni ndogo. Kwa upande mwingine, zahanati ya meli ndogo huwa na watumishi wachache, na meli yenyewe mara nyingi husafiri mbali na hospitali. Mwenye ugonjwa wa kudumu anapaswa kupima mambo yote mawili.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kabla ya kulipia safari, mwananchi anashauriwa kupata majibu ya maswali yafuatayo: meli ina tani ngapi za ujazo na itabeba abiria wangapi katika tarehe husika, chumba kiko sitaha ipi, na kiko katikati, omo au tezi, kina dirisha au hakina, abiria watashuka gatini au kwa boti katika kila bandari, meli itakaa saa ngapi, na kuna huduma gani kwa wazee, watoto na watu wenye ulemavu.

Majibu hayo yanaweza kuonesha kwamba familia yenye watoto wengi na bibi anayetumia kiti mwendo inafaa zaidi katika meli kubwa, na kwamba mtu anayetaka kuona magofu ya visiwani kwa utulivu anafaa katika meli ndogo. Wote wawili watakuwa wamechagua vizuri, mradi kila mmoja amejua alichokilipia.