Timu ya Chuo Iliyokataa Kuwaacha Wenzao Wawili

Kila apendaye mpira anajua jinsi timu inavyotaabika mwaka mzima ili ipate kualikwa katika mashindano makubwa. Ni nadra kusikia habari za timu iliyoshinda michezo yake yote, kisha ikaona afadhali kubaki nyumbani. Jambo hilo lilitokea Marekani mwaka wa 1951, katika Chuo Kikuu cha San Francisco, jimbo la California.

Kwanza yafaa ieleweke kwamba mpira unaotajwa hapa si kandanda ichezwayo Afrika ya Mashariki. Mpira wa Kimarekani una umbo kama la yai, nao huchukuliwa mikononi. Kila upande una watu 11, na uwanja una urefu wa yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikishindwa, wapinzani huuchukua. Mchezaji akiuvusha mpira mstari wa mwisho wa wapinzani wake, timu yake hupata pointi 6. Watu huangushana kwa nguvu nyingi, ndiyo sababu huvaa kofia ngumu na kujikinga mabega.

Chuo cha San Francisco kilikuwa chuo kidogo cha mapadre Wajesuiti, wala hakikuwa na fedha nyingi. Mwalimu wa timu, Joe Kuharich, alikuwa mtu mkali asiyependa uvivu. Miongoni mwa wachezaji wake alikuwamo Gino Marchetti, aliyekuwa askari Ulaya katika Vita Vikuu vya Pili, na Bob St. Clair, kijana mrefu kuliko watu wa kawaida. Tena walikuwamo Wamarekani weusi wawili, Ollie Matson na Burl Toler. Toler alikuwa hodari wa kuwazuia na kuwaangusha wapinzani. Matson alikuwa mkimbiaji ambaye akishapenya, hakuna wa kumfikia.

Mwaka huo timu ilicheza michezo 9, ikashinda yote 9. Walisafiri hata New York, upande wa pili wa nchi, wakaishinda Fordham kwa pointi 32 kwa 26. Mwezi wa Novemba waliishinda timu ya Chuo cha Pacific, ambayo wengi waliiogopa, kwa pointi 47 kwa 14. Mchezo wa mwisho ulikuwa na Loyola katika uwanja wa Rose Bowl, mjini Pasadena, wakapata 20 kwa 2. Katika michezo hiyo Matson alikimbia na mpira jumla ya yadi 1,566, yaani zilipungua yadi 194 tu kutimia maili nzima. Hapakuwa na mchezaji wa chuo aliyemzidi nchini kote mwaka huo.

Desturi ya Marekani ni kwamba msimu ukiisha, timu bora za vyuo hualikwa katika michezo ya sikukuu ya Mwaka Mpya. Mingi ya michezo hiyo ilifanyika majimbo ya Kusini, na chuo kilichoalikwa kilipata sifa na fedha. Kwa chuo cha San Francisco fedha hizo zilikuwa jambo la uhai, maana gharama za timu zilizidi mapato yake.

Lakini Kusini wakati ule sheria na desturi ziliwatenga watu weusi na weupe, shuleni, hotelini, katika mabasi na viwanjani. Neno likawafikia vijana wa San Francisco: wangeweza kwenda Miami kucheza katika Orange Bowl, kwa sharti kwamba Matson na Toler wabaki nyumbani. Wachezaji walikataa kwa kauli moja. Kama walivyosimulia wenyewe miaka mingi baadaye, hapakuwa na majadiliano marefu. Waliona kwamba timu ni timu, ama iende yote au isiende.

Basi hawakwenda. Baada ya msimu huo chuo kikaifunga timu yake kwa sababu ya upungufu wa fedha. Mtu aweza kuuliza kama mwaliko ule ungaliiokoa. Huenda ungaliiokoa kwa muda. Lakini ni dhahiri kwamba vijana hao walijua thamani ya kitu walichokuwa wakikiacha, na hilo ndilo linalokupa kukataa kwao uzito.

Wachezaji wenyewe hawakupotea. Tisa kati yao waliingia katika timu za watu wanaolipwa mishahara. Matson, Marchetti na St. Clair baadaye waliandikwa katika orodha ya heshima ya wachezaji bora wa nchi nzima. Matson, kabla ya kuanza kazi hiyo, alikwenda Helsinki katika Michezo ya Olimpiki ya 1952, akapata medali ya shaba katika mbio za mita 400 na ya fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Hata kijana aliyekuwa akiwaandikia magazeti habari za timu, Pete Rozelle, alikuwa mkuu wa ligi yote ya Marekani tangu 1960 hata 1989.

Toler hakupata bahati hiyo. Aliumia goti vibaya mwaka wa 1952, asiweze kucheza tena. Alifanya kazi ya ualimu, akawa mkuu wa shule San Francisco. Na mwaka wa 1965 akawa mwamuzi mweusi wa kwanza katika ligi hiyo kubwa. Mwezi wa Januari 1980 alichaguliwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mchezo wa kumaliza ubingwa wa nchi. Mchezo huo ulifanyika Pasadena, katika uwanja ule ule wa Rose Bowl ambamo yeye na wenzake walicheza mara ya mwisho wakiwa timu moja.